Katibu Aliyetuhamisha Ofisini

Vijana wangu wa idara ya afya, siku mliyoniaga mlinizawadia redio, kisha mkanibebesha kazi: niwaandikie niliyoyaona kazini ili wanaoanza wasianze gizani. Nadhani mlitarajia kipindupindu. Hata mimi nilikusudia kipindupindu. Lakini kila ninayekutana naye, kuanzia stendi ya Shinyanga mpaka mlangoni mwa msikiti, hunisalimia kwa heshima, kisha huuliza, "Hivi, mzee Athumani, ile habari ya chatu ilikuwaje?" Basi nitaieleza mara moja kwa utaratibu, halafu tuachane nayo.

Nilianza kazi miaka ya sitini ikielekea mwisho, nikapangiwa upande wa Kharumwa. Vifaa vyangu vilikuwa baiskeli, tochi, na ufito mrefu wenye alama za kupimia kina cha choo. Mkuu wangu alikuwa Mzee Sospeter, bwana afya wa zamani, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi hata siku ya mvua. Siku ya kwanza aliniambia, "Ukiingia kaya ya watu, salimia kwanza, ukague baadaye. Mtu aliyeitikia salamu yako hawezi kukutupia jiwe papo hapo. Atasita, na akisita ndipo unapanda baiskeli."

Asubuhi hiyohiyo nilimkuta mzee mmoja mchimbaji wa dhahabu ambaye kaya yake haikuwa na choo. Nikamwamuru achimbe, nikamwonyesha kwenye ufito afike wapi. Niliporudi baada ya siku kadhaa shimo lilikuwa limepita ufito, limepita kamba, na yeye yuko chini huko anagonga mwamba. Nikachungulia na tochi nikamwita. Akajibu kutoka chini, "Bwana Afya, nakushukuru sana! Lakini hiki hakiwi choo tena. Hicho cheo kitafutie shimo lingine." Nikaenda kumshitaki kwa Mzee Sospeter. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nilimsalimia.

Kharumwa nilikaa miaka mingi, kisha nikahamishiwa upande wa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako watu wakichimba shimo la choo hawakuti kitu cha kuwashawishi. Nilidhani nimepumzika. Hapo ndipo halmashauri za wilaya zilizokuwa zimefutwa zikarudishwa, na madiwani wakarudi na hamu kubwa ya kutunga sheria ndogo. Tulipata ya mbuzi wanaozurura, ya baiskeli zisizo na kengele, na nyingine ya kukataza kupiga ngoma siku ya kupima pamba, ambayo wapiga kura wa diwani aliyeitunga hawajamsamehe mpaka leo. Halmashauri yenyewe siitaji jina. Baadhi ya madiwani hao bado wako hai na tunasalimiana.

Miongoni mwa madiwani alikuwako Diwani Malando, mtu mnene, mwenye sauti ya kujaza uwanja bila kipaza sauti. Kesi za ndoa zilimfuata kutoka kata nne, maana hakuna aliyejua mambo ya ng'ombe wa mahari kama yeye. Huyu Malando aliwahi kumkaribisha nyumbani mgeni mkubwa kutoka mkoani. Kwa ajili ya mgeni huyo alikuwa amemnenepesha bata mzinga, na kwa wengi wetu ndiye bata mzinga wa kwanza tuliyemwona. Tulikuwa tunapita pale makusudi kumtazama akitembea.

Siku ya mapokezi aliita pia ngoma ya nyoka. Kiongozi wake, manju wao, alikuwa Mama Holo, mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, na kundi lake lilicheza na chatu mkubwa aliyeitwa Katibu. Jina hilo alipewa kwa sababu kila penye kikao cha kundi yeye alikuwapo, na kila penye kikao alilala. Kundi lilifika mapema, wakaweka tenga la Katibu nyuma ya jiko penye kivuli, wakaenda kunywa maji.

Mgeni alikuja, akakaa, akatazama ngoma, akauliza mbona yule chatu maarufu hachezeshwi.

"Leo haguswi, mheshimiwa," akasema Mama Holo. "Ameshiba. Ukimtikisa atatapika."

"Kala nini?" akauliza mgeni.

Tenga lilikuwa wazi, na katikati ya Katibu palikuwa na uvimbe wenye umbo ambalo wote tulilizoea. Malando alisimama, akaenda jikoni, akarudi. Mgeni alikula ugali kwa maharage, akasifu maharage, na alipoondoka alisema, "Nyoka wenu amenona kweli." Malando alicheka naye mpaka gari likapotea vumbini. Kisha akaacha kucheka kwa muda wa wiki mbili, na alipofungua tena kinywa ilikuwa kwenye kikao cha halmashauri, akiwa na rasimu ya Sheria Ndogo ya Kudhibiti Ufugaji wa Nyoka, Kenge, Kobe na Wanyama Wengine Wasio wa Kawaida Majumbani.

Rasimu ilisema hakuna atakayefuga mnyama wa namna hiyo bila kibali. Jengo moja lisiwe na nyoka zaidi ya mmoja. Jengo linalotoa huduma kwa umma lisiwe na hata mmoja. Atakayekosa kibali, mnyama wake atatupwa porini au kuuawa. Madiwani wakakubali maoni ya wananchi yakusanywe kwanza, ila yule chatu wa ngoma ashikwe mara moja kama kielelezo.

Sasa ashikwe na nani? Bwana nyama, mtu wa wanyamapori, alisema nyoka anayelala chini ya kitanda cha mtu si mnyamapori. Bwana mifugo alisema hakamuliwi wala halimi, kwa hiyo si mfugo. Wakageuka wote wawili wakanitazama mimi, wakasema kinachokaa ndani ya nyumba ni suala la usafi wa makazi. Naomba nieleweke: mimi nyoka siwapendi. Nilisomea mbu.

Nikaenda kwa Mama Holo.

"Shikamoo, Mama Holo."

"Marahaba, Bwana Afya. Umekuja kuona choo?"

"Nimekuja kwa habari ya nyoka."

"Choo mwaka huu nimekipaka chokaa."

"Mama, nyoka."

"Nyoka yuko chini ya kitanda, hana haraka. Choo hujakiona."

Nikaenda nikakiona choo. Kilikuwa kizuri. Niliporudi nilimweleza sheria yote, kipengele kwa kipengele. Alisikiliza huku anachambua mtama, na mikono ilianza kwenda polepole, kisha ikasimama.

"Nimemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kufungia ndama," alisema. "Msimu ujao tunashindana na kundi la Nkwabi. Nkwabi ametupiga misimu miwili, na kila tukikutana mnadani ananiuliza afya ya miguu yangu. Nikienda uwanjani bila Katibu nitacheza na nini? Na wewe?"

"Mimi sichezi, mama."

"Naona. Hata kusimama unasimama vibaya."

Nilikuwa nimesimama vibaya kwa sababu Katibu alikuwa ametoa kichwa chini ya kitanda. Lakini nilielewa alichoniambia. Kundi lile lilikuwa ndilo jamaa zake. Wakienda kulima pamba ya mtu walikwenda kwa ngoma. Mtu akiumwa na nyoka shambani aliletwa kwanza uani kwake, maana wao walirithi dawa pamoja na nyoka. Nilimwambia sikuja kumuua Katibu, nimekuja kumtunza mpaka madiwani waamue. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu, na naona hakupata cha kumtuliza, lakini alikuwa mtu wa kutii serikali.

"Nitamleta mwenyewe," alisema.

Ilibidi amlete mwenyewe, kwa sababu dereva wa Landrover alipojua mzigo ni nini aligundua gari halina breki. Kesho yake Mama Holo aliingia uwanja wa halmashauri amejitundika Katibu mabegani, nyuma yake kundi zima na ngoma zao, na nyuma ya kundi wanafunzi wa shule waliokuwa wanatakiwa kuwa darasani. Sijawahi kuona kielelezo kikipokelewa kwa shangwe namna ile. Tulimweka katika stoo ya idara yetu, katikati ya magunia na pampu za dawa ya mbu. Mama Holo akaniachia masharti: asipigiwe kelele, asifungiwe na paka, wala asisomewe ile sheria.

Kila siku ya mnada alikuja na kuku, na kila mara Katibu alikataa kula. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Kielelezo kikifa mikononi mwangu, nitamwambia nini yule mama? Asubuhi moja nilikwenda kuchukua pampu, nikafungua mlango, nikaufunga. Nikaufungua tena taratibu. Katibu alikuwa amejizungusha juu ya magunia kama kamba ya kisima, na chini yake palijaa mayai meupe, kila moja kubwa kuliko la bata.

Niliendesha baiskeli mpaka kwa Mama Holo, sikusalimia hata kidogo, Mzee Sospeter anisamehe huko aliko.

"Mama! Katibu ametaga!"

"Mshukuru Mungu," akasema.

"Kwani ni jike?"

"Nani alikwambia ni dume?"

"Si mnamwita Katibu?"

"Makatibu wanawake hujawahi kuwaona? Ndiyo maana alikuwa hali. Sasa sikiliza, Bwana Afya. Hatoki pale mpaka watoto watoke. Ukimgusa atakuuma, na mimi nitakuwa upande wake."

Hivyo ndivyo idara ya afya ilivyohama. Mlango wa stoo ulifungukia ofisini kwetu, kwa hiyo tulitoa meza, kiti na kabati la chanjo, tukafanya kazi chini ya mwarobaini. Wauza vyakula walipimwa nje, watoto walichanjwa nje, na upepo ulipovuma nilikalia karatasi zangu. Watu ambao hawakuwahi kufika ofisini kwa sababu yoyote walianza kuja kwa wingi kuulizia afya, huku macho yao yako kwenye dirisha la stoo. Kina mama walileta uji. Mmoja aliniambia kwa ukali nisiongee kwa sauti, humo ndani mna mzazi.

Mkurugenzi wetu, mtu mpole sana, alikuja akasimama karibu na meza yangu akiwa na rasimu mkononi.

"Bwana Afya, stoo ina chatu wangapi?"

"Kwa sasa mmoja."

"Kwa sasa?"

"Na mayai."

Akasoma kidogo. "Jengo la huduma za umma lisiwe na nyoka hata mmoja. Sheria ikipita, mwenye jengo ni nani?"

"Halmashauri, mzee."

"Kwa hiyo atakayeshitakiwa?"

"Kwa niaba ya halmashauri, ni wewe."

"Na mkaguzi?"

"Ni mimi."

Tukatazamana. "Hujakagua," akasema.

"Bado sijakagua," nikasema. Akaenda zake, na kwa muda mrefu alipita kwa mlango wa upande wa pili.

Mvua ilishanyesha na pamba imeota vizuri siku mayai yalipoanguliwa. Kikao cha kupitisha sheria kilikuwa kimepangwa siku hiyohiyo, na sikuhusika na mpango huo, ingawa wapo wanaosema nilihusika. Ukumbi wa mikutano ulikuwa unagusana ukuta na stoo yetu, na juu ya ukuta pale dari halikuwahi kumaliziwa. Vitoto vya chatu ni virembo, lazima nikiri, vina madoa kama kanga mpya, lakini havikai mahali. Nilianza kuvihesabu vikahamia ukumbini. Madiwani waliokuwa wameingia walitoka, wengine kwa mlango. Viti vikapangwa nje, karibu na meza yangu, na Diwani Malando akasimama kusoma rasimu.

Hakufika kipengele cha pili. Lango likafunguka akaingia Nkwabi, yule mpinzani wa Mama Holo, amevaa kofia pana, fimbo mkononi, wazee watatu wa kwao nyuma yake. Habari alizipata mnadani. Alisalimia wote, "Mwangaluka!", tukaitikia, akaeleza kilichomleta.

"Nimekuja kuchukua watoto wangu."

"Watoto gani?" akauliza Mama Holo, ambaye alikuwa hapo tangu alfajiri na tenga kubwa.

"Wa humo ndani. Wakati wa ngoma za mavuno chatu wangu dume na huyu wako walilazwa kizimba kimoja. Nyote mliona."

"Kizimba tulikiona," akasema Mama Holo. "Ng'ombe hatukuwaona."

Wananchi waliojaa pembeni walicheka mpaka ng'ombe wa jirani wakaitikia. Nkwabi akakasirika kweli, si kwa mchezo. Alisema damu ni damu, na msimu ujao hataki kupigwa na watoto wake mwenyewe. Mama Holo naye akatua tenga lake chini. Alisema amemkosa Katibu nyumbani miezi yote hiyo, amekuja na kuku kila mnada kama mtu anayepeleka chakula gerezani, Nkwabi hakuleta hata unyoya. Hapo watu wakaacha kucheka. Wazee wa Nkwabi wakaanza kusogea kuelekea stoo na kundi la Mama Holo likasogea kuwazuia, na katikati yao palikuwa na meza yangu, nami niko nyuma yake.

"Kaeni!" akanguruma Malando. "Kikao hiki kimeitwa kujadili sheria. Mambo yenu ya nyoka..." Niliona akiangalia rasimu, kisha akimwangalia Nkwabi, kisha rasimu ikashuka taratibu mpaka kwenye paja. "Hebu ngoja kwanza. Hicho kizimba, walilazwa kwa ridhaa ya nani?"

"Ya wote," akasema Nkwabi.

"Yaya," akasema Mama Holo, yaani hapana. "Mimi niliomba hifadhi kwa sababu ya baridi ya usiku."

"Mshenga alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Ulitoa chochote, Nkwabi? Hata jembe?"

"Nilitoa kizimba."

"Kizimba si mahari." Malando alishavuta kiti mbele, mikono inapunga, uso umeng'aa. Akauliza nani alimlisha mzazi, nani alimpa malazi, nani alikuwapo wakati wa kutaga. Nikaitwa kutoa ushahidi, nikasema nilikuwapo ila nilifunga mlango. Akashauriana na wazee pembeni, akarudi, akahukumu kwa sauti yake ya uwanjani: pasipo na mahari, watoto ni wa kwa mama. Lakini damu haikataliwi, kwa hiyo Nkwabi akileta mbuzi jike mmoja atapewa vitoto viwili, na tangu leo kaya hizo mbili ni wakwe, na wakwe hawaulizani habari za miguu mnadani.

Mama Holo alipiga vigelegele. Nkwabi alifikiri, akaona si haba, akavua kofia. Watu wakapiga makofi, na Malando akakaa, jasho linamtiririka, ana furaha ya mtu aliyefanya kazi anayoiweza.

Mkurugenzi akakohoa kidogo. "Mheshimiwa, na sheria?"

Malando aliiangalia rasimu kama mtu aliyeletewa barua ya jirani. Akaisoma kimoyomoyo. "Wanyama wasio wa kawaida," alisema. "Huyu sasa hivi nimemwamulia kesi ya ndoa, mbele ya watu wote. Ana wakwe. Nikitoka hapa nikamtupe porini, nitaonekana mtu gani?" Akafuta uso. "Bado yule ndege wangu sijamsahau. Lakini naomba hoja iahirishwe."

Mikono yote ilinyooka kwa pamoja, na miguu vilevile, kwa kuwa mwanachatu mmoja alikuwa anapita chini ya benchi. Hoja iliahirishwa na haikurudi tena mpaka nahama. Mama Holo akaingia stoo peke yake. Alikaa humo muda mrefu, tukasikia anaongea Kisukuma kwa sauti ndogo. Alipotoka, Katibu alikuwa mabegani, amekonda, kichwa kimelala kwenye shingo yake.

Msimu wa ngoma ulipofika nilikwenda kutazama mashindano. Nilisimama mbali. Katibu alikuwa amenona tena, na Mama Holo alicheza naye akishuka na kupanda mpaka watu wa upande wa Nkwabi wakaanza kuvuka uwanja mmoja mmoja kuja kutazama. Mimi nilipiga makofi mpaka alipoanza wimbo wa mwisho, aliokuwa ameutunga mwenyewe. Kwa Kiswahili ulikuwa hivi: Bwana Afya kahama ofisi, kamwachia mzazi chumba, yeye anaandika juani, mwenye nyumba analea ndani. Uwanja mzima uliitikia. Malando alikuwa mstari wa mbele, na sauti yake niliisikia juu ya zote.

Mama Holo alishinda. Na wimbo ule ulienda ulikoenda pamba yetu. Nikiingia kaya kukagua choo, watoto wanauimba kabla sijashuka kwenye baiskeli. Nikimkaripia mwenye bucha, anaitikia kwa mluzi. Nilivumilia mwaka, kisha nikaomba uhamisho, nikapelekwa Kagongwa, mji wa biashara, watu wenye shughuli zao, ambako niliamini hakuna anayenijua. Siku ya kwanza nilivaa shati jipya nikaanza na mgahawa karibu na barabara. Nilikaza uso. Mama mwenye mgahawa alikuwa anakoroga maharage.

"Wewe ndiye Bwana Afya mpya?"

"Ndiye mimi."

"Umetokea Kishapu?"

Nikasema ndiyo. Aliweka upawa chini, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta kwa kanga yake, akakiweka nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Kaa hapa nje, baba," alisema. "Umeshazoea."

Nikakaa.